Miguu Kwanza, Matairi Baadaye
(Hotuba kwa wamiliki wa magari ya zamani na mafundi vijana, Arusha. Imeandikwa karibu kama ilivyotolewa.)

Wazee wangu, shikamooni. Mafundi wenzangu, akina mama na akina baba mliokuja na magari yenu, na ninyi vijana mnaojifunza kazi, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie jambo linaloingia gereji karibu kila wiki. Mtu ana gari la zamani, analipenda, anataka kulivisha matairi makubwa. Anakuja na picha kwenye simu na swali moja: "Fundi, nibadilishe nini chini ili haya yaingie?" Mara nyingi matairi yenyewe ameshanunua. Yako kwenye buti, hela imekwisha, na sasa miguu ya gari, yaani springi, shokapu na viungo vyake, itafanyiwa kazi kwa chenji iliyobaki. Hapo ndipo tunapoharibu, na ndiyo maana nimekubali kusimama hapa.

Nitazungumzia gari moja ili tuelewane: Toyota Prado ya mfululizo wa 90, ile iliyotengenezwa kuanzia 1996 hadi 2002. Mbele ina mikono miwili kila upande, wa juu na wa chini, na shokapu iliyovaa springi inakaa juu ya mkono wa chini. Nyuma ina ekseli nzima, springi za mviringo na fimbo inayoishika ekseli isihame kushoto na kulia. Mwenye Surf ya miaka hiyo hiyo anisikilize vizuri, kwa sababu miguu yao ni ya ukoo mmoja. Mwenye Noah au Probox atapata machache ya kwake pia, na nitamgusa nikifika kwenye spesa, kile kipande cha kuinulia gari.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu tutabishana mpaka jioni. Prado nyingi za 90 zilitoka na tairi la 265/70R16. Hiyo 265 ni upana kwa milimita. Hiyo 70 ni kimo cha ubavu, asilimia 70 ya upana. Na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Asilimia 70 ya 265 ni milimita 185 na nusu. Ubavu uko juu na chini ya rimu, kwa hiyo zidisha kwa mbili. Ongeza inchi 16, ambazo ni milimita 406. Unapata tairi lenye kimo cha milimita 777. Ukipanda hatua moja kwenda 265/75R16 unapata 804. Ukienda 285/75R16, ambalo ndilo vijana wengi wanalitamani, unapata 834.

Sasa angalieni gari linapanda kiasi gani. Nusu tu ya ongezeko ndiyo inayoingia chini ya ekseli, kwa sababu nusu nyingine iko juu ya habu, yaani kitovu cha gurudumu. Kwa 265/75 unapata milimita 13. Kwa 285/75 unapata 28. Mtu anasikia hizo namba anasema ni ndogo. Ni ndogo kweli, lakini ndizo peke yake zinazoinua difu ya nyuma, lile boksi la gia za ekseli. Springi ndefu huinua fremu na bodi. Ekseli ya nyuma inabaki pale pale ilipokuwa, na difu iko ndani yake. Ukienda Ziwa Natron kwa ile njia ya mawe, kitu cha chini kabisa katikati ya gari ni difu ya nyuma. Hata uweke springi za kimo gani, jiwe litaikuta pale pale. Difu ya mbele ni habari nyingine, hiyo imefungwa kwenye fremu, kwa hiyo springi zikipanda nayo inapanda, na hilo lina gharama yake ambayo nitaisema.

Kwa hiyo mambo haya mawili msiyachanganye. Tairi linainua ekseli. Springi zinatafuta nafasi ya kulipokea tairi hilo chini ya madigadi, na zinabeba mzigo. Anayetaka gari lipite makorongo anahitaji vyote viwili kwa kiasi. Anayeinua bodi inchi nne akaacha matairi ya zamani amepata gari refu linaloyumba kwenye kona, na difu bado inapiga mawe.

Msimamo wangu kuhusu Prado 90 inayofanya kazi kila siku, inayobeba familia Jumamosi na saruji Jumatatu, ni huu: 265/75R16, springi zinazoinua milimita 40 hadi 50, basi. Tairi la 285/75 linaingia, nimelifunga mara nyingi kwa watu wanaolihitaji kweli, lakini linafungua mlango wa kazi nyingine nyingi, na nitazitaja ili mtu achague akijua.

Kabla ya springi, kabla ya rimu, kabla ya chochote, tunaingia chini ya gari kutazama boljointi ya chini, kile kiungo cha mpira wa chuma ndani ya kikombe. Hapa naomba vijana msogee karibu na huu mguu nilioleta, tuutazame kwa utulivu.

Hiki ni kipande cha chuma kinachobeba habu. Chini yake imefungwa boljointi kwa bolti nne. Shina la boljointi linatazama chini, linapita kwenye mkono wa chini na kukazwa kwa nati yenye pini. Sasa fikirini uzito unakopita. Gari linaikandamiza springi, springi inausukuma mkono wa chini kuelekea ardhini, na mkono huo unalivuta shina. Wakati huo huo ardhi inalisukuma tairi juu pamoja na kipande hiki. Maana yake boljointi hii inavutwa muda wote ili shina lichomoke kwenye kikombe chake. Kwenye magari mengi uzito huikandamiza boljointi, ikichakaa inagonga, unaisikia. Hii ya Prado 90 huweza kuchakaa kimyakimya, gari likiwa limeketi chini huoni mchezo wowote, yaani kulegea, halafu siku moja shina linachomoka. Tairi linalala ubavu chini ya madigadi, na kwa kuwa mkono wa usukani umeungana na boljointi hii hii, usukani haukusaidii tena. Likitokea mtu anaegesha, anashukuru Mungu. Likitokea kwenye mteremko, ni msiba.

Kuipima msitumie macho peke yake. Weka jeki chini ya mkono wa chini, karibu na boljointi, uinue mpaka tairi liache ardhi kidogo tu. Weka na stendi, tafadhali. Jeki peke yake si ya kuaminiwa na maisha ya mtu. Ingiza mtaimbo chini ya tairi, mwenzako alinyanyue kwa mtaimbo huo taratibu, analipandisha na kuliachia. Wewe kidole chako kiko hapa, kati ya mkono na kikombe. Ukisikia kuruka hata kidogo, boljointi imekwisha. Buti ya mpira, ule mfuko unaoifunika, ikiwa imepasuka na grisi imegeuka tope, imekwisha hata kama haijaanza kucheza, kwa sababu vumbi letu la huku linafanya kazi haraka.

Ukibadilisha, badilisha za pande zote mbili, na zile bolti nne weka mpya. Zikaze kwa spana ya torki, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Na kwenye kifaa hiki kimoja sikubali kitu cha bei ya kutupa. Nunua ya Toyota yenyewe, au ya chapa ya 555 ya Japani kwenye duka linalokupa risiti na linalokujua. Gari la miaka 25 likivaa tairi zito zaidi, kila shimo linaipiga boljointi hii kwa nguvu kuliko zamani. Tairi la kawaida la saizi ya kiwandani ni jepesi kiasi. Tairi la matope la 285/75R16 peke yake, bila rimu, linaweza kupita kilo 25. Uzito huo haubebwi na springi. Unaning'inia kwenye boljointi, beringi za habu na tairodi, zile fimbo za usukani.

Nililetewa gari moja lililokuwa limevaa kila kitu kipya kinachoonekana: rimu mpya, matairi mapya, taa za juu, bampa la chuma. Mwenyewe alilalamika kuwa linavuta kushoto akishika breki. Lilikuwa limetoka gereji nyingine, limepimwa alaimenti, yaani pembe za matairi, mara mbili. Boljointi zote mbili za chini zilikuwa na mchezo wa kuonekana kwa macho mara tu mtaimbo ulipoingia chini ya tairi. Yule ndugu alikuwa analipeleka gari hilo Loliondo na watoto ndani. Mpaka leo nikilikumbuka hilo najisikia vibaya, na ndiyo sababu nimekaa sana hapa.

Tupite kwenye springi. Swali linalokuja daima ni hili: kwa nini ninunue springi na shokapu mpya wakati ipo spesa ya aluminiamu kwa bei ndogo? Spesa inawekwa juu ya shokapu, kati yake na fremu. Kwenye mguu wa Prado 90 shokapu inakaa karibu na katikati ya mkono wa chini, siyo kwenye tairi, kwa hiyo spesa ya milimita 25 inainua gari karibu mara mbili ya hapo. Mtu anaona muujiza. Lakini springi ni ile ile ya 1998 iliyochoka, shokapu ni ile ile inayovuja, ila sasa shokapu nzima imesogezwa chini. Tairi likining'inia, mkono unashuka kuliko ulivyopangiwa, boljointi ya juu inafika mwisho wa pembe yake na siivii jointi, kiungo cha shafti inayozungusha tairi la mbele, inanyooshwa. Tairi likipanda juu ya jiwe, shokapu inaweza kufika mwisho wake wa ndani kabla mpira wa kuzuia haujaguswa, na hapo unavunja shokapu au unapasua inaposhikiliwa. Kwa mwenye Noah na Probox mambo ni yale yale, isipokuwa kwenu shokapu imeshikana moja kwa moja na kipande cha habu, kwa hiyo spesa ya milimita 30 inatoa karibu milimita hizo hizo 30. Spesa ndogo juu ya springi nzima na shokapu nzima, kwa mtu anayetaka gari lisikwangue matuta ya mtaani, siigombi. Spesa juu ya vitu vilivyochoka naigomba kwa nguvu zangu zote.

Springi zichaguliwe kwa mzigo. Hili wauzaji wengi hawaulizi, na mnunuzi haambiwi. Prado yenye injini ya dizeli ya 1KZ-TE ni nzito mbele kuliko yenye petroli ya lita 2.7. Ukiongeza bampa la chuma na winchi, umeongeza uzito mwingine kabla ya ekseli ya mbele. Ukinunua springi za gari tupu, zitakaa chini na utadhani umetapeliwa. Ukinunua springi za mzigo mkubwa ukaziweka kwenye gari tupu, litapanda sana mbele, litakuwa gumu, na kila tatizo la pembe nitakalolisema litakuwa kubwa mara mbili. Kampuni za Australia, kama ARB na springi zake za Old Man Emu, zinaandika kwenye orodha zao springi ipi ni ya mzigo upi. Muulize muuzaji akuonyeshe orodha hiyo. Asipokuwa nayo, nenda duka linalofuata. Na pima kimo kabla: kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, kona zote nne, uandike. Bila hizo namba hutajua springi mpya zimekupa nini, na hutagundua kuwa kona moja ilikuwa imelala miaka mingi.

Hapa kuna kosa moja ninaloliona hata kwa mafundi wakubwa, nao ni watu ninaowaheshimu. Bushi za mikono ya chini ni mpira ulioshikana na chuma nje na ndani. Hazizunguki kama beringi; mkono ukipanda na kushuka, mpira ndio unaojisokota na kurudi. Zilikazwa kiwandani gari likiwa kwenye kimo chake. Sasa umeinua gari milimita 50 bila kulegeza zile bolti. Mpira umebaki umejisokota muda wote, hata gari likiwa limeegeshwa, kama nguo inayokamuliwa bila kuachiwa. Miezi michache umepasuka. Na fundi anayekaza bolti hizo gari likiwa bado juu ya jeki, miguu inaning'inia, anafanya vibaya zaidi. Weka kila kitu, bolti ziwe mkononi tu, lishushe gari chini kwenye matairi yake, lisukume huku na huku litulie, ndipo uingie chini ukaze. Kazi ya dakika 20. Nyuma vivyo hivyo kwa mikono na ile fimbo ya ekseli.

Kijana pale nyuma anauliza kuhusu siivii jointi. Vizuri, nilikuwa naelekea huko. Nimesema difu ya mbele imefungwa kwenye fremu. Ukiinua, difu inapanda lakini habu inabaki ilipo, kwa hiyo draivushafti zinainama zaidi. Na Prado 90 nyingi zinasukuma matairi yote manne muda wote, siyo mpaka uweke gia ya porini. Kwa hiyo siivii jointi zinazunguka kwenye pembe hiyo hadi Dodoma na kurudi, zikiwa na mzigo. Ukiinua milimita 50 zinavumilia, buti zikiwa nzima. Tazama mikunjo ya buti ya ndani: ikigusana na kusuguana, grisi itatoka muda si mrefu. Ukipita hapo, shusha difu kidogo kwa vipande vya kati vinavyouzwa kwa kazi hiyo, viwekwe na bolti zao ndefu zilizokuja navyo. Ukiinua hadi milimita 75 na kuendelea, mikono ya juu ya kiwandani haitoshi tena, unahitaji mingine iliyotengenezwa kwa kimo hicho. Hesabu inapanda haraka, na mimi kwa gari la kila siku sioni faida.

Hilo la matairi yote manne kusukuma lina jambo jingine: matairi yote lazima yawe ya saizi moja na yaliyochakaa kwa kiasi kinachokaribiana, pamoja na la akiba. Ukifunga akiba ya 265/70 pamoja na matatu ya 285/75, difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inafanya kazi kila sekunde kusawazisha tofauti, na inapata joto. Kwa hiyo mnaponunua, hesabuni matairi matano.

Alaimenti. Ukiinua mbele, mkono wa chini na wa juu vinabadilisha pembe, na tairi linakaa tofauti. Mambo matatu yanahama: tairi kulala ndani au nje, matairi kutazamana au kuachana mbele, na mhimili wa usukani kuegemea nyuma. Hilo la tatu ndilo linalofanya usukani urudi wenyewe ukitoka kwenye kona na gari linyooke barabarani. Ukiinua linapungua, na gari linaanza kutangatanga, unalirudisha kila wakati kwenye lami. Kwenye mkono wa chini wa Prado 90 kuna bolti mbili zenye kichwa cha duara kisichokuwa katikati, kwa ajili ya kurekebisha. Mwambie mpimaji asikimbilie kunyoosha matairi peke yake. Arudishe kwanza huo uegemeo wa nyuma kadiri bolti zinavyoruhusu, sawa pande zote mbili, ndipo amalizie mengine. Bolti hizo zikiwa zimeota kutu ndani ya bushi, na kwa magari yaliyokaa Tanga au Dar hilo ni la kawaida, utalazimika kukata na kuweka mpya. Jueni mapema, ili bei isiwashtue.

Nyuma kuna mambo matatu, nayasema haraka. Fimbo ya ekseli, ukiinua, inaivuta ekseli upande mmoja. Kwa milimita 50 ni kidogo, lakini pima kutoka tairi hadi madigadi kushoto na kulia, na ukiona tofauti inakukera weka fimbo ya kurekebishika. Hosi ya breki inayoshuka kwenye ekseli: ining'inize ekseli mpaka mwisho uone kama inabaki na ulegevu. Na la tatu linasahauliwa sana. Kama gari lako lina ile valvu ya breki yenye mkono unaoshuka kwenye ekseli, valvu hiyo hupima mzigo kwa kimo cha gari. Gari likiinuka, valvu inaamini halina kitu ndani, inapunguza nguvu ya breki za nyuma. Breki za mbele zinabeba kazi yote. Inabidi kishikio cha mkono huo kiinuliwe kwa kiasi kile kile. Ni kipande cha bati nene na mashimo mawili, na ndicho kinachoweza kukusimamisha nyuma ya lori lenye breki mpya.

Sasa matairi yenyewe, je, yanagusa? Usijaribu kwa kuzungusha usukani gari likiwa limesimama ukasema yanapita. Toa shokapu na springi yake ya mbele, funga tairi jipya, inua mkono wa chini kwa jeki mpaka mpira wa kuzuia ukandamizwe, kisha zungusha usukani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Hapo utaona ukweli wote. Tairi la 265/75 kwa kawaida linahitaji kusogeza plastiki ya ndani na kukata kidogo pembe ya bampa, basi. Tairi la 285/75 litagusa pia nyuma yake, pale bodi inaposhikana na fremu kwenye mpira wake. Watu wanakata pale na kuchomea bati. Ikifanywa na mchomeaji anayejua, inawezekana. Lakini pale ndipo bodi inapobebwa, na nimeona zilizochomewa ovyo zikiota kutu na kuachia. Kama hamuwezi kumlipa mchomeaji mzuri, bakini kwenye 265.

Kuhusu rimu: nati sita, duara la milimita 139.7, na tundu la katikati linalokaa kwenye habu ni milimita 106. Rimu yenye tundu kubwa zaidi itaning'inia kwenye nati peke yake, nayo itatikisa. Rimu za kutokeza nje sana, zile za kupendeza kwa macho, zinaongeza mvuto kwenye beringi na usukani, na tairi linachora duara kubwa zaidi likigeuka, kwa hiyo linagusa hata pale lisipopaswa kugusa. Na jambo dogo la hatari: nati za rimu ya aloi ya Toyota zina shingo na washa bapa, za rimu ya chuma zina mdomo wa koni. Ukibadilisha rimu badilisha na nati zake. Nati ya koni kwenye rimu ya washa bapa italegea, utake usitake.

Injini nayo inahusika. Tairi la 285/75 limeongeza mzunguko kwa asilimia 7 hivi, ni kama umebadilisha difu kwa gia ndefu zaidi. Kama uwiano wa gia za difu yako ni 4.10, ili gari livute kama zamani ungehitaji karibu 4.40. Wachache wanabadilisha difu, mbele na nyuma, kwa sababu ni ghali. Kwa hiyo mlimani injini inafanya kazi zaidi. Wenye 1KZ-TE wanajua joto lilivyo adui wa silinda hedi ya injini ile, inapasuka. Anayepanda Kitonga na mzigo, juu ya matairi mazito, na rejeta ambayo haijasafishwa miaka mitano, anacheza na injini nzima. Safisha rejeta na ukague feni kabla ya kufunga matairi. Kwa 265/75 ongezeko ni asilimia 3 na kidogo, injini inalihimili bila shida.

Mita ya mwendo nayo itadanganya kwa asilimia hizo hizo. Inaposema 50 katikati ya kijiji wewe unakwenda karibu 54 kwa tairi la 285, kama mita ilikuwa sahihi, na tochi ya askari haipimi dashibodi yako. Hata mafuta: mita inahesabu kilomita 100 wakati umetembea 107. Wengi wanaolalamika kuwa gari limeanza kunywa sana, sehemu ya lalamiko hilo imo kwenye mita. Sehemu nyingine ni ya kweli, matairi mazito yanakunywa.

Mnaponunua matairi ya mtumba, someni namba nne za mwisho kwenye ubavu, ndani ya kile kiboksi kidogo. Ikiandikwa 2316, ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Matairi yenye meno marefu yanavutia, lakini mpira wa miaka mingi juani unapasuka. Na mwambieni mtu wa bima kwamba gari limebadilishwa. Msisubiri ajali ndipo ajue.

Baada ya kazi yote, gari lirudi gereji likishatembea kilomita 500 hadi 1,000. Springi mpya zinakaa kidogo, kwa hiyo vimo vinne vipimwe tena, bolti zote zilizoguswa zikaguliwe kwa spana ya torki, na alaimenti irudiwe. Matairi yakazwe nati baada ya kilomita 50 za kwanza, msisubiri 500. Na taa: gari likiinuka mbele, taa zinapanda, zinampiga dereva wa upande wa pili machoni usiku kucha. Simamisha gari mita 10 kutoka ukutani, kwenye sakafu iliyo sawa, na uzishushe kwa skrubu zake nyuma ya taa.

Asanteni kwa kunivumilia. Nimeambiwa yapo magari matatu ya 90 hapo nje, na jeki na stendi zipo. Wenye magari wakiruhusu, vijana waje na mtaimbo tupime boljointi za chini za yote matatu sasa hivi, kabla ya chai.